Maji ya Kijani Yaliyokataa Kukaa

Mtaani wananiita Dokta, nami sikumbuki siku niliyowakataza. Mimi si daktari. Ni mtoa dawa: nakaa nyuma ya dirisha dogo hospitalini, napokea karatasi, nasoma mwandiko ambao hata aliyeuandika hawezi kuusoma, nahesabu vidonge, namimina dawa ya maji kwenye vichupa, kisha namweleza mgonjwa anywe mara ngapi kwa siku. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili. Imenilea na imenipa tabia moja mbaya, ambayo mke wangu anaiita ugonjwa wa dirishani. Mtu akiniuliza jambo, nalijua au silijui, mdomo unaanza kujibu kabla kichwa hakijapata habari.

Gari nilinunua nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikwenda kazini kwa miguu, na nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kutembea ni afya. Siku nilipopewa ufunguo niliacha kusema hivyo. Lilikuwa gari dogo la rangi ya majivu, limetumika, lakini kwangu lilikuwa jipya kama mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Aliyeniuzia alinionyesha taa, jeki na tairi la akiba, akamaliza kwa kunishika bega: gari ni maji, alisema, mengine yote utajifunza, ila maji usiyasahau.

Nililishika neno hilo kama mtu aliyeachiwa wosia. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilitoka na dumu la maji ya rejeta, yale ya kijani, nikafungua boneti. Pembeni ya injini kuna chupa nyeupe ya plastiki, ina mfuniko mdogo na mpira mwembamba unaoiunganisha na rejeta. Niliijaza. Sikuijaza nusu, wala robo tatu. Niliijaza mpaka maji yakafika shingoni na kutetemeka pale kwenye mdomo, nikafunga, nikapangusa kwa kitambaa, nikaingia ndani kunywa chai nikiwa na moyo mweupe wa mtu aliyetimiza wajibu.

Siku ya tatu niliporudi kutoka kazini na kuegesha, niliona dimbwi chini ya gari, upande wa mbele kulia. Lilikuwa dogo, kama chai iliyomwagika, lakini la kijani. Asubuhi yake nilipofungua boneti, maji ndani ya chupa yalikuwa yamepungua vidole viwili. Nikajaza tena mpaka shingoni. Jioni, dimbwi. Asubuhi, vidole viwili. Nikajaza.

Mke wangu anafundisha watoto wa darasa la kwanza, na kwa sababu hiyo anazungumza na kila mtu polepole na kwa upole, nikiwemo mimi. Alitoka na kikombe chake, akasimama akiniangalia nilivyoinama. Akauliza kama haiwezekani kwamba yanamwagika tu. Akasema sufuria ukiijaza maji mpaka ukingoni ukaiweka jikoni, yakishapata moto yanamwagika, na wala sufuria haina tundu.

Nilimcheka, kwa heshima lakini nilimcheka. Nikamweleza kwamba injini si sufuria. Nikamweleza habari za presha, za mfumo uliofungwa, za maji kuzunguka ndani ya chuma na kurudi kupozwa na hewa kwenye rejeta. Mengi niliyosema yalikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma usiku wa kuamkia siku hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaingia ndani. Jibu la tatizo langu lilikuwa limesimama mlangoni na kikombe mkononi, nami nililirudisha ndani kwa maneno.

Basi nikaamua kulichunguza gari kitaalamu. Nilinunua daftari, nikaandika juu yake neno GARI, nikawa naandika kila siku: saa niliyoondoka, saa niliyorudi, ukubwa wa dimbwi kwa kupima na kiganja, na mwisho wa kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri, maneno haya: nimejaza hadi juu. Niliweka boksi lililokunjuliwa chini ya gari ili nione tone linaangukia wapi. Lilikuwa linaangukia pale pale kila siku, chini ya ile chupa, kutoka kwenye kijimpira kinachoning'inia ubavuni mwake. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kijimpira hicho kimewekwa hapo. Mimi niliandika: chanzo hakijulikani.

Wiki ya tano ilipokwisha nikakubali kwamba anahitajika fundi.

Hapa sina budi kueleza jambo linaloniaibisha. Mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, ni fundi wa magari, na ni fundi mzuri. Anafanya kazi kwenye yadi ya kutengeneza mabasi, upande wa pili wa mji. Zamani alikuwa anasomea uhazili. Alipotaka kuacha masomo hayo akajifunze ufundi, ndugu walikaa kikao, nami kama mume wa dada yake nikapewa nafasi ya kusema. Nilisema. Nilieleza habari za mgongo, za oili kwenye kucha, za heshima, za wanaume wa gereji na lugha zao. Nilizungumza kama robo saa hivi. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka na mikono mapajani, na Jumatatu iliyofuata akaenda gereji. Tangu hapo hajawahi kunikumbusha kikao kile, na kutonikumbusha kwake kulinisumbua kuliko kama angenitukana. Kumpelekea gari langu kungekuwa kukiri jambo ambalo sikuwa tayari kulikiri.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Uhakika. Huyu alikuwa fundi wa kando ya barabara, karibu na kituo cha mafuta, na jina hilo alilipata kwa sababu kila sentensi yake ilianza nalo. Alifungua boneti, akainama kama dakika moja, akainuka. Uhakika, alisema, hii ni thamostati. Thamostati ni kijimlango kilicho ndani ya injini, kinachofunga maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, kisha kinafunguka. Alisema kijimlango changu kimekwama, na dawa yake ni kukitoa kabisa, maana hakuna haja ya mlango mahali ambapo watu wanapita muda wote. Alikitoa. Kisha akaushika mfuniko wa rejeta, akaupima kwa macho, akasema uhakika, huu nao umechoka, akautupa ndani ya ndoo ya vyuma na kunifungia mwingine aliouokota kwenye boksi. Haukuwa mpya, na haukuwa wa gari kama langu. Uliingia kwa kulazimishwa kidogo, nami nikamsaidia kuukaza.

Ninapowapa watu dawa huwa nawauliza: nani amekuandikia, amekupima wapi, umetumia nini kingine? Pale kando ya barabara sikuuliza hata moja. Nilimshukuru Uhakika kwa mikono miwili.

Na gari likapona. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoandika kwenye daftari. Mshale wa joto, ambao zamani ulisimama katikati, sasa ulilala chini karibu na baridi. Na ile chupa nyeupe, kila asubuhi nilipofungua boneti, ilikuwa imejaa pomoni bila mimi kuiongezea hata tone. Dimbwi lilikuwepo bado, tena kubwa zaidi, lakini nililisamehe. Maadamu chupa imejaa, nilijiambia, gari limeshiba. Nilimwonyesha mke wangu. Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akasema vizuri, kwa sauti ile anayowaambia watoto waliochora ng'ombe mwenye miguu sita.

Siku kumi baadaye, Jumamosi asubuhi, nilimchukua mama mkwe kumpeleka kuchukua miwani yake mipya. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache na anapenda kukaa kiti cha nyuma, katikati, mkoba mapajani, ili aone barabara yote. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mlima wa kuingia mjini. Hapo magari yalikuwa yamefungana, tunasogea hatua mbili, tunasimama. Nilianza kusikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikamwambia mama mkwe kuna mtu anapika kitu kizuri karibu hapa. Mshale wa joto ulinyanyuka kutoka ulikolala, ukapita katikati, ukaenda moja kwa moja kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Nilisogea kando ya barabara, nikazima injini, nikafungua boneti. Ile chupa ilikuwa imejaa, inachemka na kutoa mapovu, inamwaga maji barabarani. Nikafikiri hivi, na nayaandika mawazo yale kama yalivyokuwa: maji yapo tele, kwa hiyo tatizo si maji, kwa hiyo acha nifungue mfuniko wa rejeta nione ndani kuna nini. Nilichukua leso, nikauzungushia mkono.

Mama mkwe alikuwa ameshateremsha kioo. "Baba, kile kitu kinapiga mluzi," alisema. "Usikifungue."

Nikamjibu kwamba najua ninachofanya. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema nikiwa na shati safi.

Mfuniko uliruka, maji na mvuke vikapanda juu kama vimetumwa. Nilirudi nyuma haraka kuliko nilivyodhani mwili wangu unaweza, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshachelewa. Shati langu jeupe likawa la kijani kuanzia kifuani kushuka chini. Mama mkwe, mwenye miaka sabini na kitu na macho yanayosubiri miwani, ndiye aliyeshuka na chupa yake ya maji ya kunywa, akanimwagia mkononi polepole mpaka yakaisha, akaomba mengine kwa watu wa kwenye magari, akaendelea kunimwagia. Hakusema nilikwambia. Alipomaliza alitoa simu mkobani, akaishika mbali na uso, akampigia binti yake mdogo, yule fundi wa yadi ya mabasi.

Nilipelekwa hospitalini kwangu. Hayo ndiyo matatizo ya kufanya kazi hospitalini: ukipata aibu huna pengine pa kuipeleka. Muuguzi alinisafisha mkono, akanifunga bandeji, akaniandikia dawa ya kupaka. Nikasimama kwenye foleni mbele ya dirisha langu mwenyewe. Mwenzangu wa zamu alinipa tyubu, akanieleza kwa sauti ya kazini, watu wote wakisikia, kwamba nipake kiasi, kwa sababu kupaka nyingi si kupona haraka. Nikasema ndiyo. Nilishukuru kwamba hakuuliza rangi ya shati imetoka wapi.

Jumatatu nikaenda kwenye yadi ya mabasi. Shemeji alikuwa ameshalivuta gari langu siku ile ile, na lilikuwa limewekwa katikati ya mabasi mawili makubwa, limejikunyata kama mtoto aliyepotea sokoni. Alikuja akijipangusa mikono, amevaa ovaroli iliyofifia magotini. Alinipa pole, akauangalia mkono wangu, akauliza kama nalala vizuri. Kisha akanivutia ndoo iliyopinduliwa nikae, naye akaanza kuniuliza.

Tatizo lilianza lini? Maji yanatoka injini ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Yanatokea wapi? Nani ameligusa gari, na ametoa nini, ameweka nini? Aliuliza kimoja kimoja, akasubiri jibu, hakunikatiza. Nilijisikia kama mgonjwa mbele ya daktari wa kweli. Nikampa daftari, maana niliona ndio ushahidi wangu kwamba mimi si mzembe.

Alilisoma lote akiwa amesimama. Nilikuwa naona ukurasa unavyopinduliwa, na kila chini ya ukurasa, maneno yale yale: nimejaza hadi juu, nimejaza hadi juu. Alipofika ukurasa wa kumi hivi aligeuka akaangalia upande wa mabasi, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa mzito kabisa.

"Shemeji," akasema, "siku zote hizi ulikuwa unaijaza mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole shingo ya chupa. Yeye akachukua kitambaa, akapangusa ubavu wa chupa, vumbi likatoka. Chini ya vumbi kulikuwa na mistari miwili imechomoza kwenye plastiki, mmoja chini, mmoja juu, na ule wa juu ulikuwa mbali sana na shingo. Nilitazama mistari ile. Mimi ni mtu ambaye kila siku ya Mungu nawaonyesha kina mama mstari kwenye kikombe cha dawa ya mtoto, nawaambia hapa, usizidishe, na wakizidisha nawafokea.

"Hiyo nafasi ya juu si upungufu," shemeji akasema. "Imeachwa makusudi. Maji yakipata moto yanavimba, rejeta inayasukuma yaje huku yasubiri. Injini ikipoa inayavuta yarudi. Ni kama wageni: wewe ulikuwa umewajazia chumba, wakija hawana pa kukaa, wanatoka nje."

Kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na ugonjwa wowote. Gari lilikuwa zima. Lilikuwa linamwaga kila jioni kile nilicholizidishia asubuhi, nami nikaenda kulitafutia tiba.

Lakini hakuishia hapo, kwa sababu sasa ugonjwa ulikuwepo. Aliifunga rejeta kwa pampu ndogo yenye saa ya presha, akapampu kwa mkono, akaniambia niangalie mshale. Tuliuangalia kama dakika kumi na haukushuka, maana yake hakuna panapovuja. Kisha akaweka mfuniko wa Uhakika kwenye pampu ile ile. Ukaachia hewa kabla mshale haujafika hata nusu ya panapotakiwa. Akanieleza kwamba mfuniko wa rejeta una springi mbili za kazi mbili: moja inazuia presha ipande mpaka kiasi chake, nyingine inafungua njia maji yarudi injini ikipoa. Ule wangu mpya ulikuwa umechoka pande zote mbili. Uliyaacha maji yatoke mapema, na haukuyaruhusu yarudi. Ndiyo maana chupa ilikuwa imejaa kila asubuhi. Wakati mimi namwonyesha mke wangu chupa iliyoshiba, rejeta ilikuwa inabaki tupu.

Na mshale uliolala kwenye baridi, nikauliza. Akasema huo ni kwa sababu ya kutolewa thamostati: kwenye barabara ya wazi injini ilikuwa inapoa kupita kiasi, na ule ubaridi ukanifichia kwamba maji yanaisha, mpaka tulipofika kwenye mlima na msongamano.

Jambo lililonitia hofu ni gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya vipande viwili vikubwa vya injini, kwa sababu nilisikia kwamba injini ikichemka inaweza kuungua, na hapo ndipo watu wanapouza gari kwa kilo. Shemeji alivuta kijiti cha oili, akaninyooshea: oili ilikuwa nyeusi na safi, haikuwa na ule weupe wa maziwa unaoonyesha maji yameingia. Baadaye, injini ikiwa inanguruma, akaweka kichupa chenye dawa ya bluu juu ya mdomo wa rejeta. Alisema kama moshi wa injini unaingia kwenye maji, bluu itageuka manjano. Nilisimama pale nimeshika mkono wangu uliofungwa bandeji, nikiiangalia bluu ile kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Ilibaki bluu. Nilikaa tena juu ya ndoo.

Aliweka thamostati mpya na mfuniko unaostahili. Injini ilipopoa kabisa akajaza rejeta, akaiwasha mfuniko ukiwa wazi, mapovu yakatoka moja moja, akaongeza, mapovu yakaisha, akafunga. Ile chupa aliimiminia mwenyewe, akaishia katikati ya mistari miwili. Ilionekana nusu tupu. Mkono wangu wa kushoto ulitaka kuchukua dumu, nikaurudisha mfukoni.

Alipokuwa anakusanya vifaa niliona nisipolisema leo sitalisema tena. Nikaanza. Nikamwambia kwamba siku ya kile kikao nilisema mambo ambayo sikuyajua, na kwamba nilichukua robo saa ya watu kuongea upuuzi. Hakuinua kichwa. Alikuwa anazungushia mpira wa pampu mkononi.

"Dakika arobaini," akasema. "Nilikuwa nimekaa mkao mbaya, miguu ikafa ganzi. Nilishindwa hata kunyanyuka kutoka nje."

Nikamwomba radhi kwa yote mawili, maneno na miguu. Akasema yamekwisha siku nyingi, kwamba angenichukia angenipigia simu akanihutubia dakika arobaini habari za mfuniko, asingenivutia gari. Sikuielewa vizuri hesabu ile, lakini nilijua ni msamaha, nikaupokea bila kuuliza kipimo chake.

Mkono ulipona kwa wiki tatu. Limebaki baka jembamba karibu na kiwiko, ambalo mke wangu huligusa tukiwa na wageni, bila kusema kitu, nami najua ni wakati wa kupunguza maelezo. Gari linakwenda. Nalifungua boneti Jumamosi tu, injini ikiwa baridi, naangalia mistari, nafunga. Uhakika nilimpitia siku moja nikamweleza kistaarabu jambo la mifuniko. Alisikiliza, akasema uhakika, hilo alikuwa analijua.

Nisiseme uongo kwamba nimekuwa mtu mwingine. Mwezi uliopita jirani yetu wa nyumba ya pili, anayeuza vifaa vya shule, aliwasha gari akalisubiri liingie ubaridi kabla ya kuondoka. Nilipita nikaona maji yanadondoka chini ya gari lake, mengi, upande wa mbele. Nilimgongea kioo. Nikamwambia azime injini, asiguse mfuniko, ashuke, avute pumzi. Nikainama mbele ya watoto wake waliovaa sare, nikaanza kumfundisha habari za chupa, mistari na springi mbili. Nilizungumza mpaka watoto wakachelewa shule. Alipotishika vya kutosha nikampigia shemeji, nikamweleza kwamba nina mgonjwa hapa.

"Maji yana rangi?" akauliza.

Nikayagusa. Hayana.

"Yanateleza? Yana harufu tamu?"

Hayatelezi. Hayana harufu. Yalikuwa baridi kabisa.

Nikasikia nyuma yake basi likipiga honi.

"Hayo ni ya kiyoyozi, shemeji," akasema. "Ni kama jasho la glasi ya maji baridi. Mwache jirani aende kazini."